Saa za Msimamizi Ndizo Kipimo

Mitihani ya mwisho wa muhula inapokaribia, vyumba vya ushauri nasaha katika vyuo vikuu vyetu vya Kenya hufurika. Washauri ni wachache, wanafunzi ni maelfu, na anayekuja leo huenda akapangiwa miadi ya wiki ya pili au ya tatu. Kwa mtu asiyepata usingizi, huo ni muda mrefu mno. Wakati huohuo, katika jengo jingine la bewa hilohilo, wanafunzi wa uzamili wa saikolojia wanatafuta kwa udi na uvumba mahali pa kufanyia mafunzo ya vitendo, kwa sababu bila kutimiza saa za kukaa na wateja hawahitimu. Suluhisho linaonekana jepesi: pande hizi mbili zikutanishwe. Wenye shida wapate wa kuwasikiliza, wanagenzi wapate saa zao, na chuo kisilazimike kuajiri mtu mwingine.

Shaka yangu iko kwenye hilo la kutoajiri. Mpango wa wanagenzi ni mzuri, na nitaeleza kwa nini. Lakini chuo kinachouona kama njia ya kupata washauri wa bure kitawaumiza wanaokuja kutafuta msaada, na kitawaumiza wanagenzi pia. Tunachokosa zaidi si wanagenzi wala vyumba. Tunakosa saa za mtu mzoefu wa kuwasimamia, na saa hizo ndizo zinazopaswa kuamua ni wanagenzi wangapi wapokewe. Urefu wa foleni usiamue.

Tuanze na hoja ya wanaounga mkono mpango huu, maana wana ushahidi. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya kuhusu mpango wa Shamiri. Wanafunzi 413 wa shule za sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa katika makundi. Baadhi walipata vikao 4 vya Shamiri, wengine wakafundishwa mbinu za kusoma. Waliopata vikao vya Shamiri walipungukiwa na dalili zaidi, na walioviendesha hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari, wakapewa mafunzo mafupi. Zimbabwe nako, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda umewatumia akina mama wazee wa mitaani, wanaokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na matokeo yake yamechapishwa na kusomwa dunia nzima. Basi ikiwa kijana aliyetoka kidato cha nne jana anaweza kumfaa mwenzake, atashindwaje mtu mwenye shahada ya kwanza ya saikolojia na nusu ya shahada ya pili?

Tena wanagenzi wetu wengi si watoto. Ingia darasa la jioni la uzamili wa ushauri nasaha jijini Nairobi utamkuta mwalimu wa sekondari wa miaka mingi, muuguzi, pasta na mtawa. Hawa wamezika watu, wamesuluhisha ndoa, wamekaa na wazazi waliofiwa. Wanaujua uchungu wa watu hata kabla ya kuusoma vitabuni.

Hata hivyo, mifano hiyo miwili ina kitu ambacho wanaoinukuu hukipita haraka. Vijana wa Shamiri na akina mama wa Harare walifuata mwongozo uliopangwa hatua kwa hatua, na juu yao palikuwa na wataalamu waliowafuatilia na kuzipokea kesi zilizowazidi. Yaani anayeketi na mgonjwa anaweza kuwa na elimu ndogo mradi usimamizi ulio nyuma yake ni imara. Ukiuchukua mfano huo ukaacha usimamizi, umechukua ganda.

Usimamizi wenyewe ni kazi gani? Wengi hudhani ni kutia sahihi kwenye daftari la saa. Tuchukue mfano wa kawaida. Mwanagenzi amekutana na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyefeli somo moja na asiyekula chakula. Kwa ridhaa ya mwanafunzi huyo, kikao kimerekodiwa. Siku mbili baadaye mwanagenzi na msimamizi wameketi wanasikiliza. Dakika ya kumi na mbili mwanafunzi anasema nyumbani wangekuwa na nafuu asingekuwepo, kwa kuwa karo yake imemaliza ng'ombe. Mwanagenzi anarukia karo: umeuliza mkopo wa HELB? Msimamizi anasimamisha sauti na kuirudisha nyuma sekunde chache. "Amesema nini hapo?" Mwanagenzi anasikiliza tena, na sasa anasikia alichokipita. Kisha wanazungumza juu ya sababu ya kukipita: pengine hata yeye aliuziwa ng'ombe ili asome.

Dakika kumi kama hizo hufundisha kuliko mihadhara ya mwezi mzima, na huenda zikaokoa maisha. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mshauri, awe mpya au mkongwe, hawezi kuona peke yake mahali ambapo historia yake inamziba masikio. Ndiyo maana taaluma hii imejengwa juu ya usimamizi tangu zamani. Kliniki ya Berlin iliyofunguliwa mwaka 1920 chini ya Max Eitingon ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwataka wanaojifunza uchambuzi wa nafsi watibu wagonjwa wakiwa chini ya jicho la mkubwa, na desturi hiyo ikasambaa.

Sasa tupige hesabu. Uwiano unaotumika katika baadhi ya kozi za ushauri nasaha za Uingereza ni saa 1 ya usimamizi kwa kila saa 8 za wateja. Tuuchukue kama kianzio. Mwanagenzi anayeona wateja 8 kwa wiki anahitaji saa 1 ya kukaa na msimamizi. Ongeza saa 1 ya msimamizi kusikiliza vikao na kusoma kumbukumbu kabla hawajakutana. Wanagenzi 6 watachukua saa 12 za msimamizi kila wiki, na chuo kitapata vikao 48. Lau msimamizi angezitumia saa hizo 12 kuona wateja mwenyewe, chuo kingepata vikao 12. Faida ni mara nne.

Hesabu hiyo inawapa nguvu wanaounga mkono mpango, lakini ina kikomo. Wafikishe wanagenzi 15, na msimamizi atatumia saa 30 kwa wiki katika usimamizi pekee. Nani atampokea mwanafunzi aliyeletwa na rumi wake saa nne asubuhi akiwa anatetemeka? Nani ataandika rufaa ya kwenda hospitali ya Mathari? Katika hali hiyo usimamizi ndio hukatwa kwanza, kwa sababu kukatwa kwake hakuonekani. Saa inakuwa nusu saa, kisha ujumbe wa WhatsApp, kisha sahihi. Daftari linabaki limejaa na foleni imepungua, na ripoti ya mwaka inasomeka vizuri.

Wapo wanaosema usimamizi wa kikundi ndio dawa: wanagenzi wanne, msimamizi mmoja, saa mbili. Una faida yake, maana mtu hujifunza pia kutokana na kesi za wenzake. Ila usichukue nafasi ya ule wa mtu mmoja mmoja. Katika kikundi, mwanagenzi aliyeboronga hunyamaza na kumwacha mwenye kesi ya kusisimua azungumze, na aliyenyamaza ndiye mwenye kesi ya kuangaliwa.

Swali la pili ni nani apewe mwanagenzi. Jibu la mwanzo ni la busara: mshauri aliyehitimu ampokee kila mgeni, ampime, kisha awape wanagenzi kesi nyepesi kama hofu ya mitihani, upweke wa mwaka wa kwanza, mapenzi yaliyovunjika. Vyuo vingi hutumia dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27, na swali la tisa huuliza moja kwa moja juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Lakini dodoso ni la siku moja. Mwanafunzi huweza kuandika sifuri kwenye swali la tisa akiwa na mtu asiyemjua, halafu kikao cha nne, akishamwamini mwanagenzi, akafunguka. Imani hiyo ndiyo tunayotaka ijengwe, nayo ndiyo hufanya kesi nyepesi igeuke nzito chumbani mwa mwenye uzoefu mdogo. Kwa hiyo, wakati wanagenzi wanaona wateja, pawepo jengoni mtu anayeweza kugongewa mlango hapohapo. Nambari ya simu ya msimamizi aliye mkutanoni haitoshi.

Anayeona haya ni makuu ajikumbushe kesi ya Tarasoff. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Prosenjit Poddar, mwanafunzi wa uzamili aliyetoka India, alimwambia mwanasaikolojia wa hospitali ya chuo, Lawrence Moore, kwamba alikusudia kumuua msichana fulani. Moore aliwaandikia polisi wa chuo wamkamate. Wakamhoji, wakaridhika kwamba ana akili timamu, wakamwachia. Mkuu wa Moore akaagiza asichukuliwe hatua zaidi. Oktoba mwaka huo Poddar akamuua msichana huyo, Tatiana Tarasoff. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu anapotambua hatari ya aina hiyo, au anapopaswa kuitambua, ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda aliyelengwa. Moore hakuwa mwanagenzi, na uamuzi ule haufungi mahakama zetu. Hata hivyo unaonyesha kwamba katika huduma ya chuo hatari haikai na aliye chini pekee. Aliyekaa na mteja aliiona, mamlaka ya juu yake ikaamua vingine. Msimamizi asiyeifahamu kesi vizuri ni hatari, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta.

Sheria zetu nazo hazitoi mwanya wa uzembe. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka wanaotoa huduma hii wasajiliwe, kwa hiyo mwanagenzi ambaye hajasajiliwa hufanya kazi chini ya mabawa ya aliyesajiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, na rekodi ya kikao iliyobaki kwenye simu ya mwanagenzi ni data nyeti iliyo ndani ya matatu ya kwenda Rongai. Nayo Mahakama Kuu ilibatilisha Januari 2025 kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Wanafunzi wangapi waliogopa kusema ukweli kwa sababu ya kifungu hicho? Mwanagenzi anayefundishwa kwa vijitabu vya zamani hataweza kuwaondolea hofu hiyo.

Kuna tatizo jingine linalojulikana na kila aliyesoma chuo kidogo: watu wanakutana. Mwanagenzi wa Jumanne huenda Alhamisi ndiye anayesahihisha mitihani ya mteja wake, au wanakutana kwenye kamukunji, au wanasali kanisa moja. Msimamizi naye huenda ndiye mhadhiri atakayempa mwanagenzi alama, na mwanagenzi anayeogopa alama atachagua kikao kilichokwenda vizuri cha kumsikilizisha. Dawa yake ni vyuo kubadilishana wanagenzi. Kenyatta na USIU-Africa, vyote upande wa barabara ya Thika, vinafundisha saikolojia. Hakuna sababu ya kila kimoja kuwafungia watu wake ndani. Kwa chuo kama Pwani kule Kilifi, ambako majirani ni wachache, msimamizi wa nje anaweza kukutana na mwanagenzi kwa video, mradi msimamizi wa ndani awepo kwa ajili ya dharura.

Na mteja je? Yeye ndiye husahaulika katika mijadala hii. Aambiwe kabla ya kikao cha kwanza, kwa maneno ya kawaida, kwamba mshauri wake ni mwanafunzi wa uzamili, kwamba yupo anayemsimamia, na kwamba mambo yake yatajadiliwa na msimamizi huyo. Aruhusiwe kukataa bila kurudishwa mkiani mwa foleni. Aambiwe pia tarehe ambayo mwanagenzi ataondoka. Muhula ni mfupi, na hakuna kinachovunja moyo kama kusimulia kifo cha mama yako mara ya tatu kwa mtu wa tatu. Vikao viwili vya mwisho viwe vya kuaga, na anayehitaji kuendelea akabidhiwe kwa mshauri mwingine wote watatu wakiwa chumbani.

Mambo haya yanagharimu fedha, na mjadala wa kweli uko hapo. Leo wako wanagenzi wanaolipa karo, kisha wanalipia usimamizi kutoka mifukoni mwao, huku wakitoa huduma ambayo chuo kinajivunia. Wako wahadhiri wanaosimamia jioni bila saa hizo kuhesabiwa katika mzigo wao wa kazi. Mpango unaoegemea hisani ya watu waliochoka hausimami muda mrefu. Seneti za vyuo zizihesabu saa za usimamizi kama saa za kufundisha, ziwekewe bajeti, na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia idai kuziona kabla ya kuitambua kozi yoyote.

Kwa hiyo kila chuo kinachotaka wanagenzi kianze kwa kutoa karatasi moja: jina la kila msimamizi, saa alizotengewa kwa wiki, na idadi ya wanagenzi walio chini yake. Saa 12 zikiwepo, wapokewe 6. Zikiwepo 4, wapokewe 2. Chuo kisichoweza kuonyesha hata saa moja kisipokee mwanagenzi, na kitafute fedha za kuajiri mshauri aliyehitimu.