Ukipiga video kwenye mgodi, sema uko wapi na ni tarehe gani

Hapa Tenke, mtu akisikia kwamba udongo umeporomoka kwenye mgodi, hangojei redio. Anafungua WhatsApp. Kabla ya saa moja kupita, video zimekwisha kuingia kutoka makundi ya vijana, ya wanafunzi, hata ya wanakwaya. Udongo mwekundu, watu wanakimbia, mwanamke analia. Mama ambaye mtoto wake ni mchimbaji anazitazama moja moja, akitafuta shati analolijua. Mara nyingi hajui hata kama anayoyatazama ni ya Lualaba.

Kuna wanaotaka vijana waache kupiga video hizo. Mimi sikubali. Waendelee, lakini waseme kwa sauti wako wapi na ni siku gani.

Tukumbuke Kalando, tarehe 15 Novemba 2025. Daraja la muda juu ya mtaro uliojaa maji lilivunjika, wachimbaji wa mikono wakaangukiana. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, Roy Kaumba, alitangaza watu 32 wamekufa. Alisema mgodi ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua, wachimbaji wakaingia kwa nguvu. Ripoti ya SAEMAPE ilisema mengine: wafu ni 40 au zaidi, na watu walikimbilia daraja kwa kuogopa risasi za askari. Kati ya 32 na 40 kuna watu wanane, na kila mmoja ana familia. Picha ambazo shirika la haki za binadamu lilitoa zilionyesha wachimbaji wakifukua wenzao, na maiti zimelazwa chini. Zilithibitisha msiba. Lakini swali kubwa ni nini kilitangulia, risasi au mbio? Hilo linahitaji video yenye sauti, saa na mahali, na mtu aliye tayari kusema: niliipiga mimi.

Siku mbili baadaye ndege iliyomchukua waziri wa madini, Louis Watum, iliwaka moto kwenye uwanja wa Kolwezi. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Video yake ilienea duniani, na mara moja kila mtu alijua ni wapi na ni ndege ya nani. Waziri ana watu wa kumsemea. Mchimbaji hana, ana simu tu.

Na simu isiyosema mahali huibiwa. Mnamo Januari 2023 video ya mawe yanayowasha taa ilizunguka Afrika yote, eti ni mawe ya Kongo. Sisi tunaokanyaga shaba kila siku tulicheka. Kama tungekuwa na mawe hayo, tusingelala gizani. Lakini uongo wa namna hiyo una bei yake: siku video ya kweli inapotoka, mkubwa anasema tu kwamba ni ya zamani, au ni ya nchi nyingine, na watu wanaamini. Wenye kurasa wanaochukua video ya mwaka juzi, wakatia muziki na kuandika «sasa hivi» ili wapate watazamaji, wanamfanyia mkubwa huyo kazi.

Kwa hiyo, ndugu, taja mahali na tarehe kabla ya yote. Geuza simu uonyeshe kitu kinachojulikana: stesheni ya treni, kilima, barabara ya Kolwezi. Usionyeshe nyuso za wafu. Mama asijue habari ya mtoto wake kwa njia hiyo. Na usifute video ya kwanza iliyo kwenye simu yako, kwa sababu WhatsApp inapoituma huipunguza na kuondoa alama za mahali ilipopigwa.

Wengi wananiambia wanaogopa sheria. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, kifungu cha 360, inatoa kifungo cha mwezi mmoja hadi sita na faini ya franka 500.000 hadi 1.000.000. Lakini kisomwe vizuri: kinahusu habari ya uongo juu ya mtu. Shimo lililoporomoka si uongo. Wakubwa wa jimbo wakitoa hesabu na majina ya wafu siku hiyohiyo, uvumi utakosa nafasi. Na sisi waandishi, tukipokea video, tumtafute kwanza aliyeipiga kabla hatujaiweka hewani.