Kisu kidogo cha kumenyea na mkono unaokishika

Katika nyumba zetu nyingi kisu kidogo hununuliwa bila kufikiriwa. Mama wa nyumba atatumia nusu saa kuchagua kitambaa cha meza, atagonga sufuria mbili tatu kusikiliza unene wake, kisha akiwa njiani kutoka sokoni ataokota kisu chochote kilichopangwa juu ya turubai. Ilhali kisu hicho ndicho kitakachoshikwa kila siku, na aghalabu na mtu ambaye hakukichagua: binti aliyerudi madrasa, msichana wa kazi, au bibi ambaye vidole vyake vimeanza kukakamaa. Kwa sababu hiyo tumeona safu ya juma hili tuitoe kwa kisu cha kumenyea.

Kisu tunachokisema ni kile ambacho bapa lake lina urefu wa sentimita 8 hadi 10, yaani takriban upana wa kiganja. Kikizidi hapo ncha huwa mbali na jicho na mkono hauiongozi vizuri. Kiwe na makali yaliyonyooka, yasiyo na meno. Visu vyenye meno kama msumeno hukata nyanya na mkate vizuri siku za mwanzo, lakini vikishakuwa butu havinoleki kwa kinoo cha nyumbani, na mwenye nyumba hubaki navyo hivyo hivyo miaka. Mpini utazamwe zaidi kuliko mng'ao wa bapa. Ushike kama unavyoshika kiazi cha kumenya: ujaze kiganja, usiteleze mkono ukiwa na maji, na mahali chuma kinapoingia kwenye mpini pasiwe na ufa wala mwanya wa kuhifadhi uchafu. Likunje bapa kidogo kwa kidole gumba. Linalojikunja kama bati liache hapo hapo.

Kuhusu chuma, kuna kile cha pua cha kawaida na kile kisichoshika kutu. Cha kawaida hunoleka upesi na kupata makali ya ajabu, ila ukikikatia ndimu au ndizi mbichi huwa cheusi, na kikiachwa na unyevu usiku mmoja huamka na kutu. Kisichoshika kutu kimechanganywa na kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5, na ndiyo inayokilinda. Kwa sisi wa pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hiki cha pili kinatosha kabisa, na hatuoni haja ya kutumia fedha nyingi kutafuta kingine.

Sasa tuje kwenye makali, maana hapa ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Wazazi humpa mtoto kisu butu wakidhani kitamuumiza kidogo. Mambo ni kinyume. Kisu kikali huingia pale kilipoelekezwa kwa nguvu ndogo. Kisu butu huhitaji kusukumwa, na kikisukumwa huteleza juu ya ganda, kikaendelea na safari yake hadi kwenye kidole kwa nguvu ile ile aliyoiweka mtoto. Ukitaka kujua hali ya kisu chako, kiweke juu ya nyanya mbivu bila kukandamiza, ukivute. Kikiingia kwenye ngozi ya nyanya ni kizima. Kikiibonyeza kwanza, kinahitaji kinoo.

Kunoa si kazi ya kuogopwa. Lowanisha kinoo, laza kisu, kisha inua mgongo wake kiasi cha sarafu mbili au tatu zilizopandana, ukivute kutoka kitako hadi nchani, mara kumi upande mmoja na kumi upande wa pili, bila kubadilisha mwinamo. Asiye na kinoo ageuze kikombe cha kauri. Ile duara ya chini iliyokwaruza, isiyopakwa mng'ao, hufanya kazi hiyo kwa muda. Wanoaji wanaopita mitaani na baiskeli zao tunawaheshimu na wana msaada mkubwa kwa mapanga na visu vya nyama. Lakini jiwe lao huzunguka kwa kasi, na bapa jembamba la kisu kidogo likipata joto hadi kubadilika rangi, makali yake hayadumu tena. Ukimpa, mwombe achovye majini kila mara.

Na kumenya kwenyewe? Simama siku moja mbele ya muuza machungwa, utazame mikono yake. Ganda hutoka utepe mmoja mrefu, jembamba, na ule weupe wa ndani hubaki mzima. Kisu chake karibu hakitembei. Kinachozunguka ni chungwa. Kidole gumba cha mkono wenye kisu hukaa juu ya tunda, mbele kidogo, kikiongoza unene wa ganda, na daima kipo nje ya njia ya makali. Huo ndio ufundi wote, na kiazi mviringo humenywa vivyo hivyo. Wengi wetu hufanya kinyume: tunashikilia kiazi tuli na kukivutia kisu kuelekea kifuani.

Si kila kitu lakini humenywa kwa kuzungushwa. Muhogo ukatwe vipande vifupi kwa kisu kikubwa kwanza, kisha kwa ncha ya kisu kidogo upasuliwe ganda kwa urefu, ncha iingizwe chini yake na kulibandua lote kama unavyovua soksi. Libandue hadi lile ganda nene la ndani, kwani sumu ya muhogo imejaa zaidi katika maganda kuliko katika nyama yake. Ndizi mbichi hukatwa ncha mbili, ikachanwa mistari, na mikono ipakwe mafuta kabla ili utomvu usigande. Magimbi huwasha, nayo yanataka mikono mikavu au yenye mafuta. Tangawizi iparwe kwa mgongo wa kisu, kwani makali huondoka na nusu yake. Kiazi chenye macho yaliyochipua au doa la kijani kichimbwe kwa ncha, na kilichokuwa kijani pande zote kitupwe. Kamba wapasuliwe mgongoni kidogo tu, mshipa mweusi utolewe kwa ncha.

Kisu hiki hakifungui makopo wala hakivunji mifupa ya kuku. Wala hakiachwi ndani ya beseni lenye povu, ambako mkono wa mwosha vyombo hukikuta bila kukiona. Kioshwe peke yake, kifutwe, kivalishwe ala, hata kama ni ya kadi iliyokunjwa. Kikianguka, ondoa miguu, usikidake. Na kikihitaji kupewa mtu, kiwekwe mezani akichukue, au apewe mpini. Imepokewa katika hadithi ya Jabir kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Wanaofundisha watoto adabu za jikoni wana mahali pazuri pa kuanzia.

Saa ya hatari zaidi tunaijua sote: ile kabla ya Magharibi katika Ramadhani, mihogo haijaisha, nazi haijakunwa, na msichana anahimizwa kutoka sebuleni. Mmenye mapema, baada ya Adhuhuri, vitu vikae ndani ya maji. Na watoto wa kiume waliokaa bure nao wanayo mikono. Waanze na tango na ndizi mbivu, wakiwa wameketi, mkubwa akiwa karibu.

Mtu akijikata, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua funua, mkono ukiwa juu. Unga wa kahawa, majivu na dawa ya meno visitiwe humo. Damu isipokoma, au jeraha likiwa wazi na la kina, aende hospitali, aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Tena mwambie akunje na kunyoosha kidole kile, kiungo kimoja kimoja. Kisipokunjika, au akisema ncha yake haina hisia, huenda kano au neva imekatika, hata kama jeraha ni dogo na damu imekauka. Huyo apelekwe siku ile ile, awe binti wa nyumba au msichana wa kazi, futari imaliziwe na wengine.