Biharusi, Mahari Yako Si Ya Kumwigia Msanii



Leo nina hasira, na sitaki kuificha. Mwaka jana nilivuka bahari kwenda Turiani, Wilaya ya Mvomero, kwenye harusi ya jamaa wa mume wangu. Turiani ni kwenye miwa ya Mtibwa, chini ya milima ya Nguru, na watu wake ni wakarimu. Biharusi alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, fundi mzuri wa nguo, anayeshona kwa cherehani ya kuazima. Alipoulizwa anataka mahari gani alijibu bila ya kusita: msahafu na cherehani. Bwana harusi akatoa msahafu, na pesa za cherehani akazitoa taslimu.

Basi ikaja simu. Shangazi mtu alikuwa na picha za harusi ya msanii mmoja maarufu wa Dar es Salaam. Magauni matatu, jukwaa la maua, gari jeupe. "Mwanetu naye asipungue." Michango ya kamati haikutosha, wakachukua pesa za cherehani. Haikutosha tena, bwana harusi akakopa kwa malipo ya miwa ambayo hata haijavunwa.

Mwezi uliopita nilirudi. Magauni yalikuwa ya kukodi, yalisharudi kwa wenyewe. Maua yalikuwa ya plastiki, nayo yalirudi. Deni ndilo lililobaki nyumbani. Binti bado anaazima cherehani.

Jamani, nani alimwibia? Yule msanii hamjui hata jina lake. Aliyemwibia ni sisi: mama, shangazi, mashoga, tunaokaa na simu mkononi tukipima harusi za watoto wetu kwa harusi za watu maarufu.

Tuelewane. Harusi ya mtu maarufu ni sehemu ya kazi yake. Picha zake zinamtangazia jina, na jina ndilo linalouza nyimbo zake. Mwenye saluni na mwenye magauni wanaweza kumpunguzia bei, au wasimtoze kabisa, kwa sababu na wao wanatangazika. Wewe wa Turiani, wa Makunduchi au wa Wete, nani atakupunguzia? Kwake yeye ni biashara, kwako ni hasara.

Na kama lazima tuwaige mashuhuri, mbona hatuwaigi walivyohangaika? Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, kwa hivyo nyinyi Wazigua wa Turiani huyu ni damu yenu. Alikuwa akifinyanga vyungu na kuvichukua mjini kuviuza. Hakujua kusoma wala kuandika. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa kuimba, na mwaka 1928 yeye na wenzake wakapelekwa Bombay kurekodi santuri. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alisemwa kwa sura yake, akasemwa kwa asili yake. Hata hivyo Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake, na leo hatumkumbuki Siti kwa gauni. Tunamkumbuka kwa kazi.

Bi Kidude je? Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, dunia nzima ikampigia makofi. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, kina mama wengi wa Unguja walimlilia kama mwalimu wa unyago, mtu aliyewafunda wari na kutengeneza wanja na hina kwa mikono yake. Umaarufu haukumtoa kwenye kazi yake. Hilo ndilo la kuigwa.

Najua wapo watakaoniambia: "Kwani tusifurahi? Harusi ni siku moja." Furahini! Pakeni singo, chorweni piko, fukizeni udi mpaka mtaa mzima unukie. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alihimiza ndoa itangazwe, na alimwambia Abdurrahman bin Awf afanye karamu japo kwa mbuzi au kondoo mmoja. Karamu yake mwenyewe alipomuoa Bibi Safiyya ilikuwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa. Watu walikula, wakaomba dua, ndoa ikatimia. Furaha haijakatazwa. Lililo haramu ni kula haki ya mtu kwa jina la furaha.

Na mahari ni haki ya mtu. Sura ya An-Nisaa imeweka wazi: wanawake wapewe mahari yao, na hakuna anayeruhusiwa kula chochote humo isipokuwa kile mwenyewe alichokitoa kwa ridhaa ya moyo wake. Kubanwa na shangazi watano chumbani si ridhaa. Kuona haya kusema "hapana" mbele ya wakubwa si ridhaa.

Kwa hivyo wewe biharusi, mahari yako ikija, ipokee mwenyewe. Kama ni cherehani, inunuliwe kabla ya siku ya ndoa, iwekwe chumbani kwako. Kitu kikishanunuliwa, kamati haiwezi kukigeuza maua. Na wewe mama, siku binti yako atakapokuja kwako analia kwa deni, yule msanii hatakuwepo kumfuta machozi. Utakuwepo wewe.

Binti wa Turiani ameniahidi ataanza kuweka akiba upya, kidogo kidogo, kununua kile ambacho kilikuwa chake tangu mwanzo. Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi. Na sisi tuliokula haki yake tukacheza na kupiga vigelegele, nami nikiwemo, Mwenyezi Mungu atusamehe, na tumrudishie.