Kuvumwani na Maji ya Uluguru

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia mimea midogo ambayo wengi wetu huipita bila ya kuitupia jicho. Ni ule ujani laini unaotanda juu ya mawe, magogo na kuta zenye unyevu, nao huitwa kuvumwani. Ijapokuwa jina lake limebeba neno kuvu, huu ni mmea kamili, wenye kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Jamaa zake ni mimea ya ini, iliyopewa jina hilo na watu wa Ulaya wa zamani kwa kuwa baadhi yake ina umbo la ini. Duniani ziko aina zipatazo 12,000 za kuvumwani, na za mimea ya ini zipatazo 7,000.

Mimea hii haina maua, haina mbegu, wala haina mizizi ya kweli. Hunywa maji kwa mwili wake wote, na huenea kwa chembe nyepesi mfano wa vumbi zinazopeperushwa na upepo. Kwa sababu hiyo hupenda mahali penye unyevu, na mahali hapo hapana mfano bora kuliko misitu ya Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro.

Apandaye milima hiyo ataona kwamba kila aina ina makazi yake. Kandokando ya vijito ziko zilizong'ang'ania mawe yanayorushiwa maji. Nyingine hazioti ila juu ya magogo yaliyooza. Ziko nyingine, ndogo mno, za jamii ya mimea ya ini, ambazo huishi juu ya majani mabichi ya mimea mingine. Karibu na kilele cha Bondwa, penye ukungu mwingi, miti ni mifupi na imepinda, na kila tawi limevikwa joho la kijani.

Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alichapisha mwaka 1980 matokeo ya vipimo vyake katika misitu hiyo. Aligundua kwamba katika msitu wa ukungu, mimea inayoishi juu ya miti, ambayo sehemu yake kubwa ni hii tunayoizungumzia, ina uzito wa tani 14 hivi kwa hekta ikiwa mikavu, nayo yaweza kuzuia hadi lita 50,000 za maji katika mvua moja. Hizo ni ndoo 2,500 za lita 20!

Maji hayo hushuka polepole hadi vijitoni, na vijito hivyo huulisha Mto Ruvu, unaowanywesha jamaa zetu wa Dar es Salaam. Miti ikikatwa au kuchomwa moto, jua na upepo huingia, kuvumwani hukauka, na mvua hushuka kwa kishindo ikichukua udongo. Ndipo mto hufurika tope masika na kupungua kiangazi. Msitu huo ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, lakini hifadhi huhitaji walinzi wenye kujua thamani yake.

Basi, wazazi wenzetu, mwaonyesheni watoto kuvumwani iliyokauka ukutani. Inyunyizieni maji kidogo, muitazame ikifunguka na kurudia ujani wake. Mtoto aliyeliona hilo hatahitaji kuelezwa mara mbili maji ya nyanya yake yanatoka wapi.