Shibe Si Nyama

Msomaji, liko neno moja ambalo husemwa kwa wepesi sana katika nchi yetu, na wasemaji wake hawalipimi kabla ya kulitoa kinywani. Neno hilo ni hili: chakula bila nyama si chakula. Husemwa arusini, husemwa matangani, na husemwa katika mabwalo ya shule kila sufuria inapofunuliwa yakaonekana maharagwe. Mtu aliyemaliza sahani tele ya githeri huondoka akinung'unika kwamba hakula kitu. Mimi nasema kwamba neno hili ni la uongo, na uongo wake ungalikuwa mdogo kama ungaliishia katika manung'uniko ya walafi. Walakini hauishii hapo. Humwangukia kwa uzito wote yule asiyekula nyama, na humponda kabisa yule ambaye, juu ya kutokula nyama, mwili wake unakataa baadhi ya vyakula vinginevyo. Mtu huyo huambiwa kwamba hana budi kuchagua moja kati ya mawili: ale kinachomdhuru, au akae na njaa. Nataka kukuonyesha kwamba hana haja ya kuchagua hivyo, na kwamba mwenye kumlazimisha humdhulumu.

Nilipokuwa mwalimu katika shule moja ya bweni, nilikuwa na mwanafunzi, msichana wa kidato cha pili. Nyumbani kwao hawakula nyama, wala samaki, wala mayai. Ndivyo walivyoishi wazee wake, naye aliufuata mwenendo huo kwa radhi. Juu ya hayo, mwili wake ulikataa karanga na maziwa. Akionja karanga hata punje moja, midomo yake ilivimba na pumzi zikamwia nzito. Katika bwalo letu mboga za jioni zilitiwa unga wa karanga ili zipate ladha, na chai ya asubuhi ilipikwa kwa maziwa. Basi jioni alikula ugali mkavu kwa chumvi, asubuhi alikunywa uji mwepesi, na usiku alilala akilisikiliza tumbo lake. Wenzake walimwita Malkia. Siku moja wawili kati yao waliazimu kumjaribu, ili wajue kama ugonjwa wake ni wa kweli au ni maringo. Wakatia unga wa karanga katika githeri yake kwa siri. Sahani haikufika nusu, msichana akaanguka chini akitafuta pumzi. Alipona kwa sababu muuguzi wa shule alikuwa karibu, na sindano ya adrenalini ilikuwapo. Wale wawili walilia kuliko mgonjwa mwenyewe, na neno lao lilikuwa moja tu: "Mwalimu, hatukujua."

Mzio si maringo, wala si uteuzi wa kinywa. Mwili wa kila mtu una askari wa kuulinda, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu viletavyo maradhi. Kwa baadhi ya watu askari hao hukosea. Hukiona chakula kisicho na hatia wakakidhania kuwa ni adui, wakakishambulia kwa nguvu hata wakaiumiza nyumba ile ile waliyowekwa kuilinda. Ngozi hutoka mabaka na kuwasha, midomo huvimba, tumbo husokota. Na shambulio likiwa kali, koo huziba, msukumo wa damu hushuka, na mtu aweza kufa katika muda wa dakika chache. Daktari Clemens von Pirquet wa mji wa Vienna ndiye aliyeipa hali hii jina lake la kitaalamu mwaka 1906. Jina lilitoka Ulaya, lakini ugonjwa haukai Ulaya peke yake. Hauulizi kabila la mtu wala mali ya baba yake. Asemaye kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri na aseme hivyo mbele ya mtoto wa maskini aliyevimba uso, kama ana moyo wa kusema.

Sasa tuijie hoja ya wale wasemao kwamba mtu wa namna hii hana cha kula. Vyakula vinavyoleta mzio mkali mara nyingi zaidi vyajulikana. Sheria ya Marekani hutaja 9: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, njugu za mitini kama korosho na lozi, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa kwa sheria ya mwaka 2021. Vihesabu kwa vidole. Katika hivyo 9, vya kwanza 4 ni vya wanyama. Asiyekula vitu vya wanyama amekwisha kuviepuka bila taabu. Vimebaki 5. Sasa ingia katika soko lolote la Kenya utazame: mahindi, mtama, wimbi, mchele, viazi, viazi vitamu, nduma, mihogo, ndizi, maharagwe, kunde, mbaazi, ndengu, njahi, maboga, sukuma wiki, mchicha, managu, maparachichi. Hakuna hata kimoja katika hivi kilichomo katika orodha ile. Mtu akikuambia kwamba mwenye kuacha vitu 5 hana cha kula, mwulize yeye mwenyewe jana alikula vitu vingapi.

Watajibu, "Vyakula vipo, lakini havishibishi." Hapo ndipo penye ngome yao, nami sitaikwepa. Mwaka 1995 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney, katika nchi ya Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, waliipima shibe kama vile mtu apimavyo nguo kwa futi. Walichukua vyakula 38, wakawapa watu kila chakula kwa kiasi chenye kalori 240, kisha wakawauliza mara kwa mara kwa muda wa saa 2 jinsi walivyoshiba. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kipimo cha vingine. Nyama ya ng'ombe ilipata 176, samaki 225. Je, unadhani ni chakula gani kilichokuwa cha kwanza? Kilikuwa viazi vya kuchemsha, navyo vilipata 323. Kiazi, ambacho mlafi hukiita kitu cha kujazia sahani, kiliishinda nyama kwa mbali. Lakini usikimbilie chipsi kwa furaha, maana viazi vilivyokaangwa vilipata 116 tu.

Sababu yake si uganga. Kiazi kilichochemshwa kina maji mengi, kwa hiyo kalori 240 za viazi huwa zaidi ya robo kilo, na tumbo hutunuka kwa uzito huo likaupelekea ubongo habari kwamba limejaa. Chips hupoteza maji na kunywa mafuta. Kalori zile zile hukaa katika kiganja cha mkono. Basi shibe ina nguzo zake. Ya kwanza ni wingi na uzito wa chakula chenye maji. Ya pili ni nyuzinyuzi za mboga na nafaka zisizokobolewa, ambazo hukawia tumboni. Ya tatu ni protini, chakula cha kujenga mwili, na hiyo imo tele katika jamii ya kunde. Ya nne ni mafuta kidogo, kama ya parachichi au ya nazi, yazuiayo njaa isirudi upesi. Mwenye kula ugali na chumvi amesimama juu ya nguzo moja, na nyumba ya nguzo moja huanguka. Msichana wangu hakulala na njaa kwa sababu ya kukosa nyama. Alilala na njaa kwa sababu ya kunyimwa nguzo tatu zilizobaki.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya mizani ya Sydney. Wakikuyu walipochanganya mahindi na maharagwe wakapata githeri, Wakamba wakapata isyo na Waluo nyoyo, hawakuwa wakipika chakula cha dhiki. Mahindi yana upungufu wa sehemu moja ya protini iitwayo laisini. Maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa sehemu nyingine iitwayo methionini, mahindi huijaza. Kila kimoja humlipia mwenzake deni. Waluhya huponda viazi vitamu pamoja na maharagwe. Watu wa pwani hupika mbaazi kwa tui la nazi. Tafuta katika vyakula hivyo maziwa, mayai, ngano, soya, karanga au ufuta: hutavipata, isipokuwa mpishi amevitia kwa hiari yake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wako wanaodhani kwamba mwenye mzio na asiyekula nyama hana budi kulishwa kwa makopo ya ng'ambo yenye bei ya kutisha. Kopo laweza kumfaa aliye nalo, lakini sufuria ya nyumbani ilikuwapo kabla yake, nayo hulisha watu 10.

Haki yataka niyaseme pia yaliyo kinyume na upande wangu, kwani mwenye kuficha upungufu wa hoja yake humtega msomaji. Vitamini iitwayo B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mimea. Kwa hiyo asiyekula kitu chochote cha wanyama lazima aipate kwa vidonge au kwa chakula kilichotiwa vitamini hiyo, la sivyo damu na mishipa yake ya fahamu vitaharibika. Madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Dawa yake ni kula pamoja na chungwa, ndimu au nyanya, na kuiahirisha chai mpaka baadaye, maana chai huyazuia. Asiyekunywa maziwa atafute kalsiamu ya mifupa kwingine. Wimbi lina zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100 za nafaka yake kavu. Tena, karanga na maharagwe ni wa jamii moja. Wengi wanaodhuriwa na karanga hula maharagwe kwa amani, lakini wachache hawawezi. Kwa hiyo usijipige marufuku chakula kwa kubahatisha, wala usijiruhusu kwa kubahatisha. Nenda kwa daktari akupime. Kukiogopa kila chakula ni njia nyingine ya kufa njaa.

Je, mambo haya yameibomoa hoja yangu? La, hasha. Mla nyama naye ana mambo ya kuangalia, na hakuna mtu anayemwambia kwamba kwa sababu hiyo ulaji wake ni upuuzi. Kila mlo wataka akili. Tofauti ni kwamba asiyekula nyama na mwenye mzio hutakiwa kutumia akili yake peke yake, huku wengine wakimcheka. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Na aliyeshiba akicheka, basi shibe yake imekuwa dhambi.

Baada ya siku ile, shule yetu ilibadili jambo moja dogo. Mpishi alitenga sufuria moja ya mboga kabla ya kutia karanga katika nyingine, akaipa upawa wake usioguswa na sufuria nyingine yoyote. Kwani upawa mmoja ukitumbukizwa huku na huku hubeba sumu ya mtu bila kuonekana. Jikoni hakukujengwa jiko jipya, wala karo haikuongezwa hata senti. Asubuhi msichana alipata uji mzito wa wimbi bila maziwa. Mchana githeri yenye viazi na mboga. Jioni ugali na ndengu, na nusu ya parachichi siku lilipopatikana. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiacha chakula kwa sababu ameshiba. Ukilinganisha gharama ya upawa mmoja na gharama ya jeneza moja, utajua kwa nini nina hasira na wale wasemao kwamba mambo haya ni usumbufu.

Kwa hiyo, msomaji, nakutaka mambo matatu. Usiseme tena kwamba hukula kitu hali umekula maharagwe, kwa maana neno hilo humfundisha mpishi kudharau sufuria ya mwenzako. Usimjaribu mtu katika mzio wake hata kwa mzaha. Kifo hakijui mzaha. Na siku utakapokuwa wewe ndiwe baba au mama wa nyumba, au mpishi, au mkuu wa shule, uliza kabla ya kupakua: ni nani hapa ambaye chakula hiki kitamdhuru, naye atakula nini ashibe? Wale wasichana wawili walisema kwamba hawakujua, nami nikawasamehe, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewafundisha. Wewe umekwisha kusoma ukurasa huu. Udhuru ule hauko tena mikononi mwako.