Sahibu Aliyepatwa na Kiharusi
Watu wa Pemba, wawe wa Wete, Chake Chake au Mkoani, hawana taksiri katika kumtazama mgonjwa siku za mwanzo, ambapo ukumbi hujaa jamaa na dua husomwa. Lakini kiharusi, ambacho hutokana na mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka, na ambacho aghalabu huletwa na shinikizo la damu lisilotibiwa, ni maradhi ya miezi na pengine miaka, na mke wa mgonjwa, anayemgeuza ubavu usiku na kumnywesha uji kwa kijiko hali ameketishwa wima asije akapaliwa, huwa, nasema haya kwa uchungu, keshasahauliwa na wageni wale wale. Kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini makubwa ya viungo kurejea, sahibu wa kweli na amfikishe mgonjwa hospitali kwa mazoezi, amnyooshe vidole vilivyojikunja kama alivyoelekezwa, na amsubiri alitafute neno bila ya kumtangulia, kwani ulimi mzito si dalili ya akili kupotea. Wala asiwashawishi ahli wa mgonjwa wamwachishe dawa ya presha kwa kudhani kiharusi ni upepo mbaya. Nawe msomaji, ukiwa unaye jirani wa namna hiyo, nenda Ijumaa hii ukamshikie mkewe zamu, apate kulala.