Papa wa Ukambani Hana Meno

Nilipokuwa nyumbani Kitui wakati wa likizo ya Desemba, niliwakuta wapwa wangu watatu wamejibanza mbele ya kompyuta, macho yamewatoka pima. Walikuwa wakitazama filamu iitwayo 47 Meters Down: Uncaged, iliyotolewa mwaka 2019. Humo, wasichana wanne wanapiga mbizi katika pango lililofurika maji nchini Meksiko, ambamo umezama mji wa kale wa Wamaya. Njia waliyoingilia inazibika, hewa waliyobeba inapungua, na gizani wanazunguka papa vipofu wanaowinda kwa kufuata sauti. Mpwa wangu mdogo alikuwa amejifunika shuka hadi puani, ingawa jua la saa nane lilikuwa likichoma bati la nyumba.

Filamu ilipokwisha aliniuliza, "Mjomba, papa anaweza kupanda mto akafika huku kwetu?" Nilimweleza kwamba ni kweli maji ya Mto Athi, unaozigawa kaunti za Kitui na Makueni, hushuka hadi Galana na Sabaki na kuingia baharini kaskazini ya Malindi, lakini papa hana safari ya kupanda hadi Ukambani. Akashusha pumzi.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha milimani. Kwetu hakikudondoka hata tone, ila mto wetu wa mchanga ulishuka jioni ukiwa mwekundu, umebeba magogo na mizoga ya mbuzi. Wapwa wangu walirejea kutoka sokoni suruali zimelowa hadi kiunoni. Walikuwa wamevuka mto huo wakishikana mikono. Nilipofoka na kuwauliza kama hawakuogopa, mkubwa wao alinijibu kwa utulivu kabisa: "Hakuna papa huko, mjomba."

Jibu hilo limeninyima raha tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sina nia ya kuwalaumu watengenezaji wa filamu. Hadithi ya kutisha ni ya kale kama lugha yenyewe, na bibi zetu walitutisha kwa mazimwi ili tusitembee usiku. Hata hivyo, yafaa tuitazame filamu hii kwa makini zaidi ya walivyoitazama watoto wale. Waondoe papa wote katika hadithi hiyo, na wasichana wale bado wamo hatarini vilevile. Wameingia mahali wasipopajua, bila idhini ya wazazi, hawana kiongozi, njia imeziba na hewa ni ya kuhesabu. Papa ameongezwa ili hofu ipate uso, kwa kuwa mwanadamu hupata tabu kuiogopa hewa inayopungua, lakini meno huyaogopa mara moja.

Takwimu zinathibitisha hayo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wanaouawa na papa duniani kote kwa mwaka, kwa wastani, hawafiki hata kumi. Peter Benchley, aliyeandika kitabu kilichozaa filamu ya Jaws ya mwaka 1975, alijutia picha aliyomchorea samaki huyo, akatumia miaka yake ya baadaye kumtetea. Kwa ndugu zetu wa Pwani, papa ni kitoweo kabla ya kuwa jinamizi. Wanamjua pingusi mwenye kichwa cha nyundo, na papa shilingi mwenye madoa mgongoni, na wanajua yupi wa kukwepwa na yupi wa kupikwa kwa nazi. Anayekijua kitu hukiogopa kwa kiasi chake.

Sisi wa bara kavu hatuyajui maji, na hapa ndipo penye msiba wetu. Mtoto wa Kitui au Makueni hukua akiyatafuta maji kwa punda na mitungi. Mto kwake ni barabara ya mchanga, uwanja wa mpira, na mahali pa kuchimba kisima cha mkono. Kwa miezi mingi Tiva, Thua, Enziu, Kaiti na Thwake ni mchanga mtupu juu, na maji yamejificha chini. Kisha, kwa siku chache za mwaka, uwanja huo wa mpira hugeuka kuwa maji yenye nguvu ya kupindua lori. Mtu aliyezoea kuulilia mto uje hawezi kwa usiku mmoja kujifunza kuukimbia.

Nani amesahau siku ya tarehe 4 Desemba 2021? Serikali ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la kitaifa mwezi Septemba mwaka huo huo, na Kitui ilikuwa ikilia njaa na kiu. Katika hali hiyo basi lililowabeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki kutoka Mwingi, waliokuwa wakienda arusini Nuu, lilifika penye Mto Enziu na kukuta maji yamelifunika daraja. Watu walikuwa wamesimama kingoni wakitazama, na simu zikawa zinapiga picha. Basi liliingia, likasita, likaelemea upande mmoja, likazama. Waliokufa walizidi thelathini, watoto wakiwemo. Hapakuwa na papa, wala mamba, wala giza la pangoni. Kulikuwa mchana kweupe, na ng'ambo ya pili ilionekana kwa macho.

Wala Enziu haukuwa wa mwisho. Katika mafuriko ya Aprili 2024 lori lililobeba watu lilisombwa na mto uliofurika katika Kaunti ya Makueni, na picha zake zikazagaa nchi nzima. Hata bahari imetufuata nyumbani. Mwaka 2019, wiki chache baada ya filamu niliyoitaja kutoka, gari liliteleza kutoka katika feri kwenye kivuko cha Likoni tarehe 29 Septemba, likazama na mama na binti yake mdogo. Wapigambizi walihangaika siku kumi na tatu kabla ya kulitoa kutoka kina kinachopita mita 50, yaani zaidi ya zile 47 za jina la filamu. Mama yule na mwanawe walizikwa Makueni. Kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikuwa wamekufa katika ajali ya feri ya Mtongwe. Mara zote hizo hapana aliyemtaja papa.

Kazi yangu ni isimu, na msomaji ataniwia radhi nikiyatazama maafa haya kwa jicho la sarufi. Tazama jinsi tunavyoyasimulia. Tunasema mto umemmeza mtoto, maji yamewazidi nguvu abiria, mafuriko yamewafagia wanakijiji. Katika kila sentensi mtenda ni maji. Mto umepewa kinywa, tumbo na nia, nao umekuwa papa wetu. Muundo huo huo nausikia katika Kikamba cha nyumbani, ambako mto humchukua mtu kana kwamba ulimjia mlangoni. Pakishapatikana mtenda wa aina hiyo, hatuulizi tena nani aliyeacha kujenga kivuko, nani aliyechimba mchanga hadi kukawa na shimo la kumfunika mtu mzima, nani aliyechimba silanga na kuliacha bila ua, nani aliyemwambia dereva kwamba arusi haingoji.

Kisha huja methali ya kuhitimishia mazishi: ajali haina kinga. Nimeisikia mara nyingi mno makaburini, na naiheshimu kama faraja kwa mfiwa. Lakini methali ni dawa, na dawa ina kipimo chake. Ikitamkwa na mama aliyempoteza mwana, ni tulizo. Ikitamkwa na afisa aliyekalia ombi la kivuko kwa miaka kumi, ni kichaka cha kujifichia. Wahenga hao hao walituachia kwamba tahadhari ni kabla ya athari. Mbona hiyo haisikiki kwenye hotuba?

Nilipokuwa darasa la tano, mwaka 1991, tulimpoteza mwanafunzi mwenzetu katika kijito ambacho leo ningekivuka kwa hatua sita. Alikuwa akirudi nyumbani saa kumi jioni. Mwalimu alitukusanya mstarini asubuhi, akatuambia kwamba Mungu amempenda zaidi. Tuliimba, tukalia, kisha tukarudi darasani. Jioni ile tulivuka kijito kile kile, mahali pale pale, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuvukia. Nadhani mwalimu wetu alisema alichoweza kusema. Lakini hata leo najiuliza: je, angetufundisha jinsi ya kuyapima maji kwa fimbo, na kwamba mto wa mchanga hushuka hata mbingu ikiwa nyeupe, tungekuwa tumejifunza zaidi au kidogo kuliko wimbo ule?

Maarifa huokoa. Mwezi Juni 2018 vijana kumi na wawili wa timu ya mpira nchini Thailand, wenye umri wa miaka 11 hadi 16, waliingia pamoja na kocha wao katika pango la Tham Luang. Mvua ikanyesha, maji yakaziba njia. Walikaa gizani zaidi ya wiki mbili, na wote kumi na watatu walitolewa hai kufikia tarehe 10 Julai, ingawa mpigambizi mmoja, aliyekuwa askari wa wanamaji wa nchi hiyo, alipoteza maisha akiwapelekea hewa. Hao walikuwa vijana wa kweli, pangoni kwa kweli. Waliokolewa kwa kamba, ramani, pampu, ujuzi, na uamuzi wa taifa zima kwamba uhai wa watoto hao haukuwa wa kuachiwa methali.

Basi tufanye nini? Sihubiri miujiza. La kwanza, kila kivuko cha saruji kinachofunikwa na maji kiwekwe nguzo zenye alama za kina, ili dereva na mpita njia waone kwa macho kwamba maji yamepita mstari mwekundu. Nguzo ni mawe, saruji na rangi. Haihitaji mkopo wa kigeni. Penye shule kila upande wa mto, pajengwe daraja la miguu kabla ya kujengwa ukumbi mwingine wa mikutano.

La pili, silanga zetu zizungushiwe ua, hata wa miiba, na mahali pa kutekea maji pawe pamoja na pana mteremko wa taratibu. Tumezichimba kwa jasho ili zituokoe na ukame, na haifai ziwe mtego kwa watoto wachungao mbuzi.

La tatu, mchanga. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, nayo yastahili pongezi. Mchanga ndio ghala la maji yetu, kama wajuavyo akina mama waliojenga mabwawa ya mchanga kwa mikono tangu zamani. Mchimbaji anayeubeba kwa malori kwenda kujenga maghorofa ya mijini huondoka na maji yetu, na huacha mashimo ambayo mafuriko huyafunika yasionekane.

La nne, na hili lawahusu walimu wenzangu, watoto wafundishwe maji. Kuogelea kunatajwa katika mtaala, lakini shule isiyo na maji ya kunywa itapata wapi kidimbwi? Nakubali. Hata hivyo, kusoma mto hakuhitaji kidimbwi. Rangi ya maji ikibadilika, takataka zikianza kuelea, ngurumo ikisikika kutoka juu, mtoto aondoke mtoni. Maji yaliyofika magotini yakiwa na kasi humwangusha mtu mzima. Anayezama hutupiwa kamba, mti au mtungi mtupu, wala si kila anayempenda ajitose. Hayo ni masomo ya juma moja, nayo hufundishika kwa Kikamba chini ya mgunga.

Haraka ya jambo hili ni kubwa kuliko tunavyodhani. Karibu na makutano ya Athi na Thwake, mwaka 2018 ulianza ujenzi wa bwawa lenye ukuta wa zaidi ya mita 80, lililokusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Ni neema tuliyoiomba kwa vizazi. Lakini likijaa, watu wasiojua kuogelea watakuwa wameletewa ziwa mlangoni, na mamba wa Athi hawatangoja mwaliko. Tutaanza lini kuwaandaa watoto wa kando yake? Ama tutangoja kwanza mazishi, kisha kamati?

Mwisho, nawaomba waandishi wa habari, na mimi nikiwa mmoja wao leo, wamtafute mtenda wa kweli. Tusiandike tu kwamba mto umemeza. Tuandike kwamba mtoto amekufa akivuka mahali palipoahidiwa daraja mwaka fulani, na tumtaje aliyeahidi.

Wapwa wangu niliwapeleka mtoni maji yalipopungua, tukatembea mchangani nikiwaonyesha alama ya tope iliyobaki kwenye shina la mkuyu, juu ya kichwa changu. Yule mkubwa aliinyoshea mkono asiifikie. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza ni nani aliyepaswa kujenga kivuko hapo. Hilo ndilo swali nililotaka aulize, na jibu lake si mimi nipaswaye kulitoa.